Nani Hulisha Gazeti?

Ndugu wafanya kazi,

Katika mikutano ya matawi yetu limezuka shauri ambalo yafaa tulijibu kwa uwazi, mbele ya kila mwanachama. Shauri lenyewe ni hili: karatasi na wino vimepanda bei, sanduku la karatasi yetu hii halijai, basi kwa nini tusikubali matangazo ya biashara kutoka kwa makampuni yanayofanya kazi bandarini? Wenye kulitoa shauri hili si adui wa chama. Ni ndugu zetu, nao wamefanya hesabu. Wanaona ya kuwa tangazo moja la kampuni kubwa laweza kulipia toleo zima, na mwanachama akapata karatasi yake bure.

Sisi twasema hapana. Lakini hatutaki mtu alikubali neno letu kwa sababu limepigwa chapa tu. Twataka kueleza jinsi magazeti yanavyolishwa, nani huyawekea sheria, na yanaandikiwa nani. Kisha kila mmoja apime mwenyewe kabla ya kuinua mkono katika mkutano mkuu.

Tuanze na hesabu. Gazeti lina gharama nyingi: karatasi, wino, mashini, mishahara ya waandishi, mafuta ya magari yanayolisambaza usiku, na fungu la muuza gazeti anayesimama juani. Bei anayotoa msomaji kwa kawaida haitoshi kuyalipa hayo yote. Pengo huzibwa na matangazo. Basi gazeti la biashara huuza vitu viwili kwa wakati mmoja. Humwuzia msomaji habari, na humwuzia mwenye biashara macho ya yule msomaji. Sisi watu wa Kilindini twajua tofauti kati ya mwenye shehena na shehena. Katika biashara ya magazeti msomaji ni yote mawili. Akitoa pesa zake kununua gazeti, yeye ni mteja. Akilifungua akakutana na tangazo, amekwisha kuwa mzigo uliolipiwa nauli na mtu mwingine.

Na mizigo yote haina bei moja. Mwenye kuuza magari, bima, nyumba na tiketi za ndege hatafuti macho ya kila mtu. Anatafuta macho ya mtu mwenye fedha. Gazeti lenye wasomaji wachache wenye mishahara mikubwa laweza kupata matangazo mengi kuliko gazeti lenye wasomaji wengi wanaoishi kwa ujira wa siku. Nenda Mji wa Kale jioni, pale wazee wanapokaa barazani na kahawa yao. Gazeti moja la Kiswahili huzunguka mikono mingi, husomwa kwa sauti, hubishaniwa neno kwa neno, na asiyejua kusoma hupata habari sawa na mwenzake. Kwetu sisi hilo ndilo gazeti lililofanya kazi yake. Kwa mwenye hesabu ni nakala moja tu iliyouzwa, na waliokaa pale si watu wa kununua magari mapya.

Haya si maneno ya kubuni. Yametokea Uingereza, nchi iliyotufundisha magazeti ya biashara, nayo yaliwapata wafanya kazi kama sisi. Mwezi Januari 1911 wapiga chapa wa London waligoma wakidai saa za kazi zipunguzwe. Ili wapate mahali pa kusema, walitoa karatasi yao ya mgomo wakaiita Daily Herald. Mwaka 1912 ikawa gazeti kamili la kila siku. Mwaka 1922 shirikisho la vyama vya wafanya kazi, TUC, likalichukua lisife. Lakini fedha zilikuwa kidogo, na mwaka 1930 gazeti lilianza maisha mapya chini ya kampuni ya Odhams, iliyoshika hisa 51 katika kila 100, na TUC ikabaki na 49. Kampuni ilijua kuuza. Kufika mwaka 1933 gazeti lile lilikuwa likiuza nakala 2,000,000 kwa siku, kitu ambacho halikuwahi kukifanya gazeti lo lote la kila siku nchini mle.

Basi mtu atadhani ya kuwa gazeti la namna hiyo haliwezi kufa. Lilikufa. Mwaka 1964 lilifungwa, nalo siku hizo bado lilikuwa linauza zaidi ya nakala 1,000,000 kila siku. Magazeti ya matajiri yaliyouza kiasi kidogo zaidi yaliendelea kuishi. Tofauti ilikuwa matangazo. Wasomaji wa Daily Herald walikuwa wafanya kazi, na wengi wao wenye umri mkubwa. Wenye biashara hawakuwa na haja kubwa ya macho yao. Mahali pake pakawekwa gazeti lililoitwa The Sun, na mwaka 1969 likauzwa kwa Rupert Murdoch. Mwaka 1986 bwana huyo alihamishia magazeti yake Wapping, katika mtaa wa gati za zamani za London, na wafanya kazi zaidi ya 5,000, wengi wao wapiga chapa, wakapoteza kazi baada ya kugoma. Tafakarini, ndugu. Karatasi iliyozaliwa na mgomo wa wapiga chapa ilikwisha kuwa mali ya mtu aliyewafukuza wapiga chapa.

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Mombasa nayo ina kisa chake, tena cha zamani zaidi. Mwaka 1902, katika kisiwa hiki, Bw. Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha gazeti la Kiingereza, African Standard. Alikuwa mfanya biashara mkubwa aliyepata mikataba ya reli ya Uganda. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, nao wakaliita East African Standard, na mwaka 1910 wakalihamishia Nairobi. Huko likawa sauti ya walowezi. Bw. Jeevanjee mwenyewe baadaye alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria kudai haki za Wahindi, na walowezi wale wale ndio waliompinga. Gazeti alilolianzisha kwa fedha zake lilikuwa upande wa pili wa meza. Gazeti halina damu ya mzazi wake. Hufuata mkono unaolilisha.

Na liliposafiri kwenda Nairobi, kilisafiri pia kitu kingine, yaani jicho la kutazamia. Tangu siku zile habari kubwa za nchi huandikwa zaidi kutoka bara, na Mombasa huonekana kama lango tu: mizigo imeingia, mizigo imechelewa. Kumbukeni mwaka 2019, Serikali ilipotoa amri makontena yasafirishwe kwa reli mpya. Kwa mwenye mali, jambo lile lilikuwa hesabu ya nauli na siku za kungoja. Kwa dereva, kwa utingo, kwa fundi wa magurudumu wa Changamwe, kwa mama anayepika chakula kando ya barabara ya Mariakani, lilikuwa unga wa watoto, na watu wa mji huu waliandamana. Hesabu zote mbili ni za kweli. Lakini mwandishi hana budi kuchagua ipi aitangulize na ipi aiweke mwisho. Na huchagua kwa kumfikiria msomaji wake.

Twataka kuwa wa haki. Jumba lile lile la Standard ndilo lililotoa Baraza mwaka 1939, gazeti la Kiswahili lililohaririwa kwa miaka mingi na Bw. Francis Khamisi. Wazee wetu walilipenda, na barua zao zilitokea humo. Nalo Taifa Leo, lililoanza mwaka 1960 katika jumba lililonunuliwa na Aga Khan mwaka uliotangulia, limewasomesha Wakenya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 60. Hatuwalaumu waandishi wa magazeti hayo, maana wengi wao ni wafanya kazi kama sisi, wenye mishahara inayochelewa na kazi zinazopunguzwa. Twasema tu ya kuwa katika majumba makubwa, gazeti la Kiswahili limekuwa mdogo wa gazeti la Kiingereza. Kaka ndiye anayeleta matangazo nyumbani, na kaka ndiye anayekaa kiti cha mbele.

Je, kuna njia nyingine? Ilikuwako, tena hapa hapa. Mwaka 1930 Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa mji huu, alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa. Ilikuwa ya Kiswahili, ikaandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwaambia watu wake maneno makali: juu ya elimu, juu ya uvivu, juu ya kupoteza mali kwa arusi na matanga, juu ya kuiga kila cha mgeni. Jambo la kuangalia ni hili. Alikuwa akiwakaripia wasomaji wale wale aliowaandikia. Gazeti linaloishi kwa kumpendeza mwenye duka lisingethubutu kumwambia mteja wa duka aache kununua anasa. Ni kweli ya kuwa magazeti yale hayakuishi miaka mingi. Al-Islah halikuvuka mwaka 1933. Lakini maneno yake yalikusanywa katika kitabu na yanasomwa hata leo. Umri wa gazeti ni jambo moja, na faida yake ni jambo jingine.

Tena kumbukeni mgomo mkuu wa Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waliweka chini kazi: bandarini, relini, mahotelini na majumbani. Gazeti la kila siku la mji, Mombasa Times, lilikuwa la Kiingereza, na wengi katika wagomaji hawakuijua lugha ile. Habari ziliandikwa juu yao, hazikuandikwa kwa ajili yao. Basi walifanya nini? Walikutana kila siku Kiwanja cha Maskini. Pale habari zilisomwa, uvumi ulipimwa, na maamuzi yalitolewa mbele ya watu wote. Kiwanja kile kilikuwa ndicho gazeti lao kwa siku 12 za mgomo. Hakikuwa na tangazo la biashara hata moja. Katika mgomo ule ilizaliwa African Workers' Federation, na Bw. Chege Kibachia aliyeiongoza alikamatwa mwezi Agosti mwaka ule ule akapelekwa uhamishoni. Wakubwa walijua ya kuwa wafanya kazi wakiwa na mahali pa kusema ni hatari kuliko wakiwa na njaa tu.

Hapo ndipo tunapofika kwa Serikali na sheria zake. Serikali ina njia mbili za kulishika gazeti. Ya kwanza ni fimbo, na ya pili ni sahani ya wali.

Fimbo wazee wetu waliiona. Bw. Girdhari Lal Vidyarthi wa Nairobi, mwenye matbaa na gazeti la Colonial Times, alifungwa kwa uchochezi katika miaka ya 1940. Ilipotangazwa hali ya hatari mwaka 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku, na Mumenyereri la Bw. Henry Muoria likawa moja katika hayo; mwenyewe alikuwa Uingereza, akaishi huko. Unguja nako, katika miaka ya mwanzo ya 1960, kulikuwa na karatasi nyingi za kurudufu kama hii yetu. Kibarua ilikuwa ya vyama vya wafanya kazi, na ZaNews ilikuwa ya Bw. Abdulrahman Babu, ambaye mwaka 1962 alifungwa miezi 15 kwa uchochezi. Hapa Kenya kosa la uchochezi lilidumu katika vitabu vya sheria hata baada ya uhuru, likaondolewa mwaka 1997.

Lakini kuna fimbo nyingine isiyopiga kelele, nayo ni dhamana. Uingereza ilikwisha kuitumia tangu mwaka 1819: mwenye kutaka kutoa gazeti London sharti kwanza aweke dhamana ya pauni 300, ili maskini wasiweze kutoa magazeti yao. Kenya ilipata Sheria ya Vitabu na Magazeti mwaka 1960, yenye kumtaka mtoaji wa gazeti aweke dhamana ya shilingi 10,000. Mwaka 2002, wakati watu walipokuwa wakijitayarisha kwa uchaguzi mkuu, dhamana ile ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa vijigazeti vya barabarani vilivyowatukana watu. Kweli vilikuwako vyenye matusi na uwongo. Lakini shilingi 1,000,000 haipimi ukweli. Inapima mfuko. Mwongo tajiri hupita, na mkweli maskini hubaki nje ya mlango.

Hatusemi pasiwe na sheria. Nchi hii ilionja mwaka 2007 na 2008 jinsi ulimi wa ukabila unavyoweza kuchoma nyumba. Mtu akisingiziwa gazetini apate pa kushtaki. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 34, imelinda uhuru wa vyombo vya habari na kuikataza Serikali kuviingilia, na Sheria ya mwaka 2013 imeweka Baraza la Vyombo vya Habari pamoja na kamati ya kusikiliza malalamiko. Hayo ni mema yakitumiwa kwa haki. Twasema tu ya kuwa sheria njema humwuliza mtu amesema nini, haimwulizi ana shilingi ngapi.

Sasa sahani ya wali. Katika nchi yetu Serikali ni mmoja wa wateja wakubwa wa matangazo: zabuni, nafasi za kazi, ilani za ardhi, salamu za sikukuu. Mwaka 2015 matangazo hayo yalikusanywa chini ya wakala mmoja. Mwezi Februari 2017 likatoka agizo kwa wizara na mashirika ya Serikali yaache kutangaza katika magazeti ya biashara, watumie jarida la Serikali lenyewe, MyGov. Mwezi Machi 2024 ikatoka barua nyingine, kwamba matangazo ya Serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Watu wakaenda mahakamani. Na katika miaka hiyo yote wenye magazeti wamelalamika ya kuwa Serikali haijawalipa madeni ya matangazo ya zamani. Angalieni hila yake. Hakuna mwandishi aliyefungwa. Hakuna mashini iliyochukuliwa. Sahani imevutwa tu upande wa pili wa mkeka, na mwenye njaa anaelewa bila ya kuambiwa.

Na gazeti linalolishwa na Serikali au chama kinachotawala mwisho wake twaujua. Mwaka 1983 KANU ilijipatia gazeti, likaitwa Kenya Times, na la Kiswahili likaitwa Kenya Leo. Siku za nguvu zake lilikuwa na wadhamini na wateja wa kutosha. Mwaka 2002 KANU ikaondoka madarakani, na mwaka 2010 Kenya Times likafungwa. Halikuwa na wasomaji wa kulililia, kwa sababu kwa miaka mingi lilikuwa limewaandikia wakubwa habari za wakubwa.

Wako vijana wetu watakaosema ya kuwa mambo haya yamepitwa na wakati, maana siku hizi habari zote ziko katika simu, tena bure. Ndugu vijana, bure hiyo nani anailipa? Ni matangazo yale yale, yaliyotoka katika karatasi yakaingia katika simu. Makampuni makubwa ya ng'ambo yanayoendesha Facebook na Google yanajua unatafuta nini na unakaa wapi, nayo huuza macho yako kwa hesabu kamili kuliko gazeti lilivyoweza. Magazeti yamepoteza matangazo, na waandishi wamepoteza kazi. Habari zinazobaki zinafuata kinachobonyezwa na watu wengi. Vibarua wa gati hawabonyezwi na watu wengi.

Sasa turudi kwa karatasi yetu. Tuseme leo tumekubali tangazo la kampuni, nusu ukurasa, kila toleo. Wiki ya kwanza hakuna neno. Wiki ya pili hakuna neno. Mwezi wa tatu mnyororo unakatika, kijana wa kibarua anavunjika mguu, naye hakupewa viatu vya kazi. Tuandike nini? Hakuna atakayetupigia simu kutukataza. Wenye fedha wana adabu. Lakini mwandishi wetu, kabla ya kuandika jina la kampuni, atakumbuka bei ya rimu ya karatasi. Ataandika "kampuni moja". Ataandika "inasemekana". Ataweka habari chini, karibu na matokeo ya mpira. Naye atajidanganya ya kuwa ametumia busara. Hivyo ndivyo gazeti linavyonunuliwa: halinunuliwi kwa siku moja kwa fedha nyingi, linanunuliwa neno kwa neno. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku mwenyewe akiitaka nguo yake, sisi tutakuwa tumesimama uchi katikati ya mgomo.

Wengine watatuuliza: na ninyi mnaolipwa na wanachama, je, hamtawaogopa wanachama? Swali ni zuri, na jibu ni ndiyo, tutawaogopa. Gazeti lo lote humwogopa anayelilisha. Ndiyo maana twataka liwe na walishaji wengi wadogo, wala si mmoja mkubwa. Wanachama hawana kauli moja. Mtu wa kreni na mtu wa ghala hawaoni mambo sawa. Mwenye kazi ya kudumu na kibarua hawaoni mambo sawa. Mmoja akikasirika akaondoa senti zake, karatasi haifi. Katika wingi huo ndimo mwandishi anapopata nafasi ya kusema kweli, hata kweli isiyowapendeza viongozi wa chama wenyewe. Nao viongozi wakumbuke: fedha ya karatasi hii isiwe mkononi mwao peke yao, maana chama nacho chaweza kuwa bwana.

Basi haya ndiyo maoni yetu, na twayaweka mbele ya mkutano mkuu.

Kwanza, kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa mwezi kwa ajili ya karatasi, ziandikwe katika daftari yake ya mbali, zisichanganywe na fedha nyingine za chama.

Pili, matangazo madogo ya wanachama na ya wachuuzi wa mitaani yakubaliwe: fundi cherehani wa Kibokoni, mama wa mahamri wa Majengo, mwenye kuuza baiskeli kuukuu. Lakini yote pamoja yasivuke robo ya gharama, wala mtu mmoja asilipe zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Tatu, tusipokee fedha wala karatasi wala salamu za sikukuu zilizolipiwa kutoka kwa mwajiri, wala kutoka kwa Serikali, wala kutoka kwa mtu anayetafuta kura.

Nne, mwajiri akitaka kutujibu, tumpe nafasi bure, na barua yake tuichape kamili bila ya kuikata. Haki ya kujibu hainunuliwi.

Tano, kila baada ya miezi mitatu hesabu ya mapato na matumizi ichapwe katika ukurasa wa kwanza, pale ambapo magazeti mengine huweka picha za wakubwa.

Shilingi 20 ni kidogo, lakini si kitu bure kwa mtu mwenye kulipa kodi ya chumba na karo za watoto. Twajua. Hatuombi sadaka. Twauza karatasi, na twataka mnunuzi wake awe yule anayeandikiwa. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na karatasi ya bure kutoka kwa mwajiri itakuwa chungu kilichovunjika mapema.

Mkutano mkuu ukiamua vingine, tutatii, maana karatasi ni ya wanachama. Lakini na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano nani alisema nini, ili siku kijana yule atakapovunjika mguu, tujue kwa nini jina la kampuni halikutokea.

Haba na haba hujaza kibaba. Njooni mkutanoni, tena njooni na senti zenu.

Wenu katika umoja,
Kamati ya Karatasi